Ziwa la Kabaka: kijana aliyechimbisha mahali pa raha, kisha akakimbia

Jumapili mbili zilizopita tulitoka Kisenyi kwa miguu, watu kumi na wanne, wakubwa na wadogo, tukaenda kuliona Ziwa la Kabaka. Safari yenyewe haikuwa na mpango mkubwa. Kiwanja kidogo tulichokuwa tunachezea mpira, nyuma ya mashine za kusaga posho, kimezungushiwa mabati. Tumeambiwa patajengwa stoo. Watoto wakaja kutuuliza, sasa tucheze wapi? Jibu hatukuwa nalo. Ndipo mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Bukavu lakini amekulia hapa hapa Mengo, akasema: si kuna ziwa kule upande wa Ndeeba? Kumbe wengi wetu tumelipita mara mia ndani ya taksi, macho kwenye simu.

Tuliporudi tukaanza kutafuta habari zake. Tukauliza wazee, tukasoma, tukabishana mpaka usiku. Tulichokikuta hakituachi. Ni habari ya mahali pa starehe ambapo hapakumalizika, na ya mtu aliyepaanzisha akiwa na umri kama wetu. Na mtu huyo mwisho wake alikuwa mkimbizi. Msituharakishe, tutafika huko.

Tuanze na Kisenyi kwanza, maana wengi mnaotusoma mnapajua kwa mabasi, nafaka na maduka ya Wasomali tu. Jina lenyewe kwa Kiganda ni bonde la majimaji, ardhi ya chini. Mvua ikinyesha na mfereji wa Nakivubo ukijaa, jina hilo halihitaji kuelezwa. Zamani hapa hapakuhesabiwa kuwa ndani ya mji wa Wazungu. Palikuwa sehemu ya Kibuga, yaani mji wa Kabaka uliouzunguka mlima wa Mengo. Wageni wa kila aina walikaa humu kwa sababu chumba kilipatikana na maswali yalikuwa machache. Miaka ya 1950 watafiti wawili, Aidan Southall na Peter Gutkind, waliandika kitabu kizima juu ya maisha ya Kisenyi na Mulago. Kwa hiyo mtu akikwambia wageni wamekuja Kisenyi juzi baada ya vita vya Somalia kuanza 1991, mwambie aongeze miaka.

Basi mlima wa Mengo ndio uko juu yetu. Ukitoka Kisenyi unapanda, unapita karibu na ukuta wa Lubiri, ikulu ya Kabaka, halafu unateremka upande wa pili, na huko chini ndiko kuna maji. Kwa miguu ya watoto ilituchukua zaidi ya nusu saa.

Aliyelianzisha ni Kabaka Mwanga wa Pili. Baba yake, Muteesa wa Kwanza, alifariki Oktoba 1884, na Mwanga akakalishwa kitini akiwa na miaka kama 16. Miaka kumi na sita! Kwenye kikundi chetu angekuwa anakaa nyuma na wale wanaocheka wakati wa mkutano. Alirithi ufalme wenye jeshi, mitumbwi ya vita, machifu wakubwa wenye mashamba yao, na nyumba iliyojaa wageni wenye maneno matamu: Waarabu na Waswahili kutoka Zanzibar, wamisionari Waingereza wa Kiprotestanti, wamisionari Wafaransa wa Kikatoliki. Kila mmoja alitaka kijana huyu awe wake. Na nyuma yao walikuwa wanakuja Wajerumani na Waingereza wenye bunduki.

Hatuandiki haya ili kumsafisha. Oktoba 1885 askofu Mwingereza, James Hannington, aliuawa Busoga kwa amri iliyotoka kwa Mwanga. Mwaka 1886 Mwanga aliwaua vijana wa nyumbani mwake waliokuwa wamebatizwa. Hao ndio mashahidi ambao kila tarehe 3 Juni mamilioni ya watu wanakwenda Namugongo kuwakumbuka. Wengi wao walikuwa vijana kama sisi, na aliyetoa amri naye alikuwa kijana. Ukikaa ukawaza hilo, linachosha kichwa.

Sasa, huyu huyu alipenda maji. Alipenda mitumbwi, alipenda kuwinda viboko. Huko Munyonyo, ufukweni mwa ziwa kubwa ambalo Waganda wanaliita Nnalubaale na ramani zinaliita Victoria, alikuwa na makazi ya mapumziko. Februari 1886 ikulu yake ya Mengo iliungua na yeye akahamia Munyonyo kwa muda. Ni huko, aliporudi kutoka kwenye mawindo ya viboko mwezi Mei, ndiko hasira iliyowaangamiza wale vijana ilipoanzia. Kutoka Mengo mpaka Munyonyo ni mwendo: bonde, kilima, bonde tena. Basi wazo lake likawa, badala ya Kabaka kwenda ziwani, ziwa lije kwa Kabaka.

Kati ya 1885 na 1888 watu walichimba. Mpango ulikuwa na sehemu mbili: ziwa chini ya Mengo, na mfereji wa kuliunganisha na Nnalubaale, ili mtumbwi wa mfalme utoke karibu na mlango wa ikulu uende mpaka maji makubwa. Hapakuwa na mashine. Ilikuwa majembe, mikono, matope na amri. Buganda ilikuwa na desturi ya kazi za pamoja: barabara, uzio wa ikulu, nyumba za mfalme, chifu anaitwa na watu wake na kazi inaisha. Ila hii ilizidi. Mwanga aliwataka machifu wenyewe, watu wazima wenye heshima zao, waje kwenye matope na wasichelewe. Waliochelewa walitozwa faini. Na vijana wa vikosi vipya vya mfalme, wenye bunduki, waliwasimamia wazee hao bila adabu. Mwenzetu mmoja alisema hapo ndipo alipoacha kumhurumia Mwanga. Sisi wengine tulikuwa tumeacha zamani.

Lakini ziwa lilitokea. Mfereji haukufika, ila maji yalijaa bonde, na mpaka leo watu wanalitaja kuwa ziwa kubwa kuliko yote yaliyochimbwa na watu nchini Uganda. Kuna wanaosema kina chake ni futi 200. Hatuamini. Mtu aliyewahi kuchimba choo kwenye udongo wa bonde la Kampala anajua futi 20 tu zinatoa machozi. Hata hivyo, kwa jembe, ni kazi kubwa mno.

Lilikuwa la nini? Hapa ndipo tulipobishana sana. Ukiuliza watu, utasikia majibu mawili. La kwanza: lilikuwa la raha, Kabaka apande mtumbwi wake, apunge upepo, atazame mashindano ya makasia na ngoma zikilia ukingoni. Waganda wamependa mbio za mitumbwi tangu zamani na mpaka leo wanashindana. La pili: ilikuwa njia ya kukimbilia. Maadui wakija Mengo, mfalme anaingia kwenye mtumbwi, anapita mfereji, anaibukia ziwa kubwa, kwaheri.

Dada mmoja wa kwetu, Msomali, mwenye maneno makali, alisema njia ya kukimbilia haichimbwi miaka mitatu mbele ya watu wote. Ukitaka kukimbia unanyamaza, hata jirani humwambii. Sisi tunajua. Tukacheka, tukadhani ameshinda. Lakini kaka mmoja kutoka Beni akajibu taratibu: nyumbani baba yake alikuwa anaegesha gari likitazama barabara, hata siku ya harusi. Watu walikuja kula na kucheza, gari linatazama barabara. Hakukuwa na siri yoyote, kila mtu aliliona. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kubishana tena. Inawezekana vyote viwili ni kweli, na hatuoni sababu ya kuchagua.

Mwaka 1888 ulipofika, hasira za nchi zilikuwa zimeiva. Machifu walikuwa na matope yao, Wakristo walikuwa na wafu wao, Waislamu nao hawakuwa salama. Mwezi Septemba Mwanga aliwaita vijana wa vikosi vyake waende naye kwenye safari ya majini. Habari zikavuja kwamba anataka kuwaacha kisiwani wafe njaa. Wakakataa kupanda mitumbwi. Hebu liwazeni hilo: mfalme aliyependa mitumbwi kuliko kitu chochote anasimama ufukweni, na watu wake wanakataa kupanda. Siku chache baadaye Waislamu na Wakristo waliungana wakamwondoa, wakamweka ndugu yake Kiwewa.

Alikimbia kwa mtumbwi, lakini si kupitia ziwa lake. Mfereji haukuwa umekwisha. Alivuka Nnalubaale na vijana wachache mpaka kusini, upande ambao leo ni Tanzania. Kwanza alikaa Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, baadaye akapokelewa na wamisionari Wakatoliki huko Bukumbi, karibu na Mwanza. Soma tena sentensi hiyo. Watu wa dini ambayo aliwachoma waumini wake ndio waliompa kitanda. Wapo kati yetu wanaolala leo kwenye nyumba za watu ambao huko nyumbani wangeitwa maadui, kwa hiyo hilo tulilielewa haraka.

Alirudi kwenye kiti mwaka 1889, akafukuzwa, akarudi tena 1890 kwa msaada wa wale wale Wakristo. Desemba ya mwaka huo Kapteni Lugard akafika na askari na bunduki ya kisasa, akapiga kambi kwenye kilima kidogo, na hapo ndipo mji wa Kampala unapohesabia umri wake. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana Mengo kwenyewe, bunduki za Lugard zikaamua, na Mwanga akakimbia mara nyingine: kisiwani, Buddu, mpaka upande wa Wajerumani. Akarudishwa. Julai 1897 akatoroka ikulu kwenda kuwapiga Waingereza, akashindwa, akavuka mpaka, Wajerumani wakamshika, akawatoroka, akarudi kupigana tena pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Waingereza hawakungoja. Agosti 1897 waliweka kitini mwanawe, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Mwanga na Kabalega walikamatwa pamoja tarehe 9 Aprili 1899.

Na sasa tunafika pale palipofanya baadhi yetu wanyamaze. Waliwapeleka pwani, halafu wakawapeleka Kismayu. Ndiyo, Kismayu hiyo hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza. Mtu aliyechimbisha ziwa lililo nusu saa kutoka vyumba vyetu aliwekwa kizuizini kwenye mji ambao familia kadhaa za Kisenyi zimeukimbia. Mama wa mwenzetu mmoja alizaliwa Kismayu. Tulipomsomea habari hii alifikiri tunamtania. Kisha akauliza swali moja tu: alikula nini kule? Hatukujua. Akasema, samaki hangekosa.

Mwaka 1901 walihamishwa tena, mbali zaidi, visiwa vya Ushelisheli. Huko Mwanga alikuwa na bahari pande zote na hakuna mtumbwi wa kumrudisha nyumbani. Alifariki tarehe 8 Mei 1903, miaka kama 35 tu. Mifupa yake ilirudishwa 1910 ikazikwa Kasubi karibu na baba yake. Kabalega aliishi zaidi, akaruhusiwa kurudi 1923, akafia Jinja kabla hajafika kwao Bunyoro.

Ziwa likabaki. Hatuna mengi ya kusema juu ya miaka iliyofuata, mji ulikua tu ukalizunguka. Mei 1966 jeshi la Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri, na Kabaka Muteesa wa Pili, mjukuu wa Mwanga, akaruka ukuta, akavuka mpaka, akafia uhamishoni London mwaka 1969. Naye alikimbia bila mfereji. Mwaka 1967 falme zilifutwa na mali zake zikachukuliwa. Zilipoanza kurudishwa mwaka 1993, sheria iliorodhesha mali za Buganda moja moja, na katika orodha hiyo limo Ziwa la Kabaka, likiwa na jina lake pamoja na ikulu na makaburi.

Tulichokiona sisi ni hiki. Maji ya kijani na kahawia, magugu mengi ukingoni, ndege weupe wengi kuliko tulivyotarajia, chupa za plastiki, na nyumba zilizosogea karibu mno. Mzee mmoja alikuwa anavua kwa ndoano. Tulimsalimia kwa Kiganda chetu kibovu, akajibu kwa Kiswahili kizuri cha jeshini, akatuuliza tumetoka wapi. Tukasema Kisenyi. Akasema, hapana, kabla ya Kisenyi. Tukamtajia: Bukavu, Beni, Mogadishu, Bujumbura. Akatingisha kichwa, akatusogezea nafasi tukae. Watoto walirusha mawe majini na kuhesabu yanadunda mara ngapi. Mmoja alifikisha manne. Hakuna aliyetufukuza saa nzima, na hilo tulilitambua wakati wa kuondoka, kwa sababu huwa tunafukuzwa.

Ndugu zetu wa mashirika, mnaotusoma hapa na tunawashukuru, hili ni lenu. Mnapokuja na zile fomu mnatuuliza mahitaji: chakula, kodi ya nyumba, karo, dawa. Tunajibu kweli, kwa sababu sisi wa mjini tunatakiwa kujitegemea na kodi haingoji. Ila hakuna aliyewahi kutuuliza watoto wanachezea wapi, na sisi wenyewe tuliona aibu kulitaja, kana kwamba mkimbizi akidai kucheza ameshiba. Pale jirani uko uwanja wa Nakivubo, uliokuwepo tangu 1926. Ulivunjwa 2017, ukajengwa upya na mfanyabiashara Hamis Kiggundu, ukafunguliwa tena Aprili 2024. Ni mzuri, taa zake zinamulika mpaka kwetu. Lakini uwanja wa tiketi na uwanja wa kuchezea watoto ni vitu viwili.

Kuna mwenzetu aliyesema tusiandike juu ya ziwa hili, kwamba si historia yetu, ni ya Waganda, na tena lina damu na jasho la watu waliolazimishwa. La pili ni kweli na tumeliandika. La kwanza tulilipigia kura. Kumi na mmoja walisema tuandike, wawili hapana, mmoja alikuwa amelala.

Watoto tayari wanauliza tutarudi lini. Tumepanga Jumapili ya mwisho wa mwezi, kutoka saa tatu asubuhi kabla jua halijakuwa kali, tukikutana kwenye mashine za kusaga. Njooni na maji ya kunywa na mfuko mmoja wa takataka kila mtu. Yule mzee amesema atakuwepo, na ameahidi kuwafundisha wadogo kufunga ndoano. Anayejua kuogelea atuambie mapema, maana mpaka sasa tumempata mmoja tu.